Wingu Moja, Mizani 17

Una dakika kumi? Zinatosha. Shairi fupi la mazingira halidai meza ya kuandikia, likizo ya ufukweni wala kipaji cha kuzaliwa nacho. Linadai kitu kimoja ulichokiona leo kwa macho yako, msimu ulio nao, na vidole vya kuhesabia mizani.

Tutaanza na haiku, umbo la Wajapani. Mishororo mitatu: wa kwanza mizani 5, wa pili 7, wa tatu 5. Jumla 17. Zamani ulikuwa ubeti wa kufungulia mashairi marefu ya kupokezana. Matsuo Bashō, aliyefariki mwaka 1694, aliupa uzito wa kusimama wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 Masaoka Shiki akautenga kabisa na lile shairi refu na kuueneza kwa jina la haiku. Historia iishie hapo. Kinachokuhusu wewe ni kwamba Kiswahili na mizani wamejuana siku nyingi. Ikiwa shuleni ulihesabu mizani 8 za utenzi, 5 na 7 hazikutishi.

Toka nje, au fungua dirisha

Chagua mahali pamoja unapopita kila siku. Kituo cha daladala kinafaa. Kibaraza kinafaa. Dirisha la jikoni linafaa zaidi, maana chai haitaungua ukiwa unatazama.

Simama dakika mbili. Tazama juu, kisha usawa wa macho, kisha chini miguuni. Andika vitu na vitendo tu. "Wingu jeusi upande wa bahari. Kamba ya nguo. Jirani anakimbia na beseni." Basi. Usitunge chochote bado.

Ukijikuta umeandika "asubuhi nzuri", jiulize nzuri vipi. Kuna umande kwenye kiti cha bodaboda? Kunguru wametulia? Andika hicho. Neno "nzuri" lifute.

Andika kwenye simu. Jitumie ujumbe mwenyewe, au rekodi sauti kama mikono imeshika mizigo. Daftari lina raha yake, lakini wakati unalitafuta kwenye mkoba wingu limeshapita.

Macho yasifanye kazi peke yake. Vumbi likipigwa na matone ya kwanza lina harufu yake. Mvua ikipiga bati, mtu mmoja ndani ya nyumba huongeza sauti ya redio. Kama kwenu hutokea hivyo, umeshapata nusu ya shairi.

Na usisubiri kwenda Serengeti. Kunguru wa Feri jijini Dar ni mazingira. Mchicha uliojiotea kando ya mtaro ni mazingira. Paka aliyelala juu ya boneti ya gari lililozimwa sasa hivi anakueleza hali ya hewa kwa usahihi wa kutosha.

Jua uko msimu gani

Haiku ya jadi hubeba neno moja la msimu. Wajapani wana kamusi nzima za maneno hayo, zimepangwa kwa majira, na mtunzi huzifungua kama mpishi afunguavyo kabati la viungo. Sababu ni ya kiuchumi. Una mizani 17 tu. Neno "vuli" lina mizani mbili, lakini linaleta wingu, harufu ya udongo, maembe na foleni ya barabara iliyojaa maji. Hakuna kivumishi kitakachokufanyia kazi hiyo kwa bei hiyo.

Tengeneza kamusi yako ya ukurasa mmoja. Miezi 12, na chini ya kila mwezi maneno matano ya kwenu. Kwenu kweli, si ya kitabu cha jiografia.

Ukiwa pwani, una utajiri. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Omani na Ghuba. Kisha masika, Machi hadi Mei. Kusi hufuata na kuyarudisha majahazi kwao. Juni hadi Agosti ni kipupwe. Oktoba hadi Desemba ni vuli. Julai, Makunduchi kule Unguja wanasherehekea Mwaka Kogwa. Kila kimojawapo ni neno la msimu lililokomaa, linakungoja tu.

Ukiwa Dodoma, Singida au Mbeya, usiige. Huko mvua huja mkupuo mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Ukiandika "vuli imerudi" ukiwa Singida, umeandika shairi la mtu mwingine. Nairobi ina mijakaranda yake ya Oktoba na ule Julai wa mawingu ambao jua hulisikia kwa jirani. Limuru ina ukungu. Bukoba ina senene wa Novemba. Dar ina mikrismasi inayowaka nyekundu mwaka unapoelekea ukingoni.

Na kama unasoma haya ukiwa mbali, andika hewa ya huko. Salalah ya Omani ina manyunyu yake kuanzia Juni hadi Septemba. Toronto ina theluji. Kiswahili kinabeba theluji bila kulalamika.

Jambo moja watu hulisahau: neno la msimu si lazima liwe jina la msimu. Embe dodo ni msimu. Matope kwenye soksi nyeupe za shule ni msimu. Pumzi inayotoka mdomoni kwa mvuke ni msimu. Ila jina lenyewe likikaa vizuri, litumie tu:

Kipupwe Mbeya—
konda apulizia
vidole vyake.

Hakuna aliyesema "baridi". Hakuna aliyehitaji kusema.

Andika, kisha kata

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tukae kidogo. Turudi kwenye kamba ya nguo na tulitunge shairi lake pamoja, kuanzia mwanzo.

Hatua ya kwanza, andika sentensi ya kawaida, ndefu kadiri inavyotaka:

"Leo wingu kubwa jeusi la vuli limetanda ghafla, na jirani yangu mwenye roho nzuri akanianulia nguo zangu pamoja na zake."

Sasa shika mkasi. "Leo" itoke; shairi lote ni leo. "Ghafla" itoke, mawingu ya vuli ndivyo yalivyo. "Kubwa jeusi" itoke; wingu dogo jeupe halimkimbizi mtu kwenye kamba.

"Mwenye roho nzuri" itoke haraka kuliko zote. Hii ndiyo sehemu watunzi wapya hushikilia kwa meno, kwa sababu ndiyo iliyowafanya waandike. Lakini mama anayekimbilia nguo zisizo zake ameshaonyesha roho yake. Ukiisema wewe, unamnyang'anya msomaji nafasi ya kuiona. Itoe.

Kimebaki hivi:

Wingu la vuli,
jirani anaanua
nguo zake na zangu.

Hesabu. Wi-ngu la vu-li: 5, safi. Ji-ra-ni a-na-a-nu-a: 8, moja imezidi. Ngu-o za-ke na za-ngu: 7, mbili zimezidi.

Mshororo wa pili ni rahisi. Badili "anaanua" iwe "aanua": a-a-nu-a, nne. Sasa una 7. Kiswahili kina wakati uliopo wa -a-, na kwenye shairi fupi ni rafiki wa kudumu. Unaokoa mizani na kitendo kinakaa papo hapo.

Mshororo wa tatu unataka kufikiri. Ukikata "na zangu", kisa kimekufa. Ni mtu anaanua nguo zake, na hiyo si habari. Ukikata "zake", je? Msomaji anajua jirani hakuacha nguo zake zilowe. Basi acha neno dogo "na" lifanye kazi yote:

Wingu la vuli—
jirani aanua
na nguo zangu.

5, 7, 5. Na ile "na" ya mwisho ndiyo moyo wa shairi. Ukiifuta, jirani amegeuka mwizi.

Fanya hivyo kwa kila shairi: sentensi ndefu, mkasi, hesabu, mkasi tena. Mara nyingi dakika saba kati ya zile kumi zitaishia kwenye mshororo mmoja mkorofi. Ni kawaida.

Mizani bila kichwa kuuma

Kila irabu ni mizani moja. Jua ni ju-a, mbili. Taa ni ta-a, mbili. Mawingu ni tatu.

Angalia m na n zinazosimama peke yake. Mtu ni m-tu, mbili. Mvuvi ni m-vu-vi, tatu. Nchi ni n-chi, mbili. Lakini ndege ni nde-ge tu, na mbuzi ni mbu-zi. Mbu mwenyewe, pamoja na udogo wake, ni m-bu, mbili.

Maneno ya mkopo yana konsonanti zilizobanana, na kila moja inayobaki bila irabu hupewa mizani yake. Labda ni la-b-da, tatu. Kaskazi ni ka-s-ka-zi, nne. Daktari ni da-k-ta-ri, nne.

Gonga meza kwa kidole kimoja kimoja huku unasema kwa sauti. Macho hudanganya, sikio halidanganyi. Ukiwa ndani ya daladala, gonga goti lako mwenyewe.

Mizani zikizidi, una njia halali. "Ninaona" iwe "naona". "Aliyekuja" iwe "alokuja". Hiyo ndiyo inkisari, na washairi wa pwani wanaitumia tangu enzi. Usiitumie mara mbili kwenye ubeti mmoja wa mishororo mitatu, itaanza kunuka.

Mizani zikipungua, usijazie kwa "sana", "mno", "kweli" au "tena". Rudi kwenye yale uliyoandika dirishani. Kuna rangi, idadi au jina la mahali umeliacha. Ile "Mbeya" ya konda imeingia hivyo hivyo: kulikuwa na nafasi ya mizani mbili, na mahali palikuwepo tayari.

Na ikikataa kabisa? Acha mizani 6 badala ya 5, endelea na maisha. Ila jaribu kwanza. Tarakimu hizi zina tabia ya kukulazimisha kutafuta neno bora kuliko lile ulilokuja nalo.

Weka vitu viwili, kaa pembeni

Haiku nzuri ina sehemu mbili. Upande mmoja hali ya hewa au anga, upande mwingine tukio dogo. Katikati weka kistari au pumzi. Usieleze uhusiano wao.

Jua la Machi—
kivuli cha bajaji,
mbwa na kuku.

Siku ya kawaida mbwa angemfukuza kuku. Jua la Machi limewapatanisha, au limewachosha, msomaji ataamua. Ukiongeza "hata maadui hupatana", umetoa shairi na kuweka tangazo.

Dawa ya haraka: ukiona neno "kama" kwenye rasimu, lifute. Badala ya "mwezi kama sahani", weka mwezi, kisha weka sahani halisi iliyopo mezani. Vitazungumza vyenyewe.

Kitu kimoja kwa shairi moja. Ukiwa na mwezi, bahari, mnazi, mvuvi na mapenzi, una mashairi matano. Yaandike matano.

Anga ina ratiba yake

Ukiandika anga, tazama anga. Wavuvi, wakulima na waadhini wanaijua ratiba hiyo kwa moyo, na watakukamata.

Mwezi mchanga huonekana magharibi, muda mfupi baada ya jua kuzama, kisha nao huzama. Mwezi mpevu huchomoza mashariki jua linapozama, hukesha, na huzama kunapokucha. Kwa hiyo mwezi mwembamba unaochomoza saa sita za usiku haupo. Zuhura utaiona magharibi baada ya machweo, au mashariki kabla ya mapambazuko, kutegemea kipindi. Usiku wa manane usiitafute. Upinde wa mvua hukaa upande ulio kinyume na jua, hivyo wa jioni uko mashariki.

Kilimia, lile kundi la nyota, hupotea machoni mwezi Mei kwa sababu kiko upande mmoja na jua, kisha huonekana tena mashariki alfajiri za Juni. Wakulima wa zamani walikitazama kupangia mashamba yao. Ukiamka mapema Juni, amka nacho.

Bahari nayo hufuata mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu. Mwulize mama yeyote anayelima mwani Paje au Jambiani, atakwambia siku ya kwenda shambani bila kutazama kalenda ya ukutani. Maneno ya namna hiyo, bamvua, maji mafu, kupwa, yana picha ndani yake tayari. Yatumie kabla hujafikiria "mawimbi ya bahari".

Ziwani mambo ni tofauti kidogo. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huvua kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa haifui dafu mbele yake, na wengi hupumzika siku hizo. Habari hiyo moja inatosha shairi:

Mwezi mpevu—
karabai baridi
kona ya chumba.

Ungeweza kuandika mwezi unavyong'aa juu ya maji, na ungekuwa mtu wa elfu kumi. Taa iliyopoa imesema mwanga wote wa nje. Tafuta kila mara kitu ambacho anga imekibadilisha hapa chini: taa isiyowashwa, mwavuli unaokaushwa sebuleni, kuku waliopanda mtini mapema.

Anayeishi Moshi anajua Mlima Kilimanjaro hujitokeza asubuhi na mara nyingi hujifunika baadaye. Shairi la kilele cheupe cha Kibo saa nane mchana linawezekana, ila hakikisha ulikiona.

Geuza mpangilio

Ukimaliza, jaribu kusoma kutoka chini kwenda juu. Haiku ina faida hiyo: mshororo wa kwanza na wa tatu ina urefu mmoja, hivyo inaweza kubadilishana viti.

Chukua hii:

Nyota za Juni—
umeme umekata
mtaa wote.

Haina kasoro. Lakini inakutazamisha juu, halafu inakushusha kwenye malalamiko ya umeme. Igeuze:

Mtaa wote
umeme umekata—
nyota za Juni.

Sasa umeanza gizani, ukasonya kidogo, ukainua macho. Ndivyo ilivyotokea hasa. Mara nyingi mpangilio mzuri ni ule ambao macho yako yalifuata siku yenyewe.

Na vina je?

Utaulizwa. Kuna mjomba kwenye kila familia atakayesema shairi bila vina si shairi. Mheshimu, ana hoja ya muda mrefu nyuma yake: Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziweka sheria hizo kitabuni mwaka 1954. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na mabishano yakapamba moto. Huna sababu ya kuingia ugomvi huo ukiwa na ubeti mmoja mkononi.

Kwenye mizani 5-7-5 nashauri vina uviache. Nafasi ni finyu, na kina hukuburuta kwenye neno ambalo hukuliona dirishani.

Lakini kama sikio lako lina kiu ya vina, usijinyime. Tumia tathlitha, ubeti wa mishororo mitatu. Mizani 8 kila mshororo, kina kimoja mwishoni:

Kumbikumbi wametoka,
taani wanazunguka,
watoto ndoo washika.

Mvua za kwanza zimenyesha, na hakuna aliyetaja mvua. Sheria ile ile ya kutazama bado inafanya kazi, ila sasa ina mdundo wa kuimbika. Mjomba ataridhika. Watoto watalikariri kabla ya chakula cha usiku.

Tahadhari moja: anza na kitendo unachokitaka mwishoni, kisha tafuta wenzake. "Washika" ndiyo picha, basi hiyo ikatangulia kichwani, na "wametoka" na "wanazunguka" zikaifuata. Ukianza juu kwenda chini utaishiwa pumzi kwenye mshororo wa tatu na kuweka "hakika".

Maneno ya kuyapumzisha

Moyo. Machozi. Upweke. Amani. Uzuri. Mandhari ya kuvutia. "Ewe" na "Ee". Si maneno mabaya, yamechoka tu. Kwa mwezi mmoja usiyaguse.

Jipime hivi: lifute neno, kisha soma. Kama picha imebaki ile ile, neno lilikuwa limekaa bure. "Ewe kipupwe mkali, moyo wangu watetema" inaweza kuandikwa na mtu aliyejifungia chumbani Agosti nzima. Konda anayepulizia vidole lazima umwone.

Usiupe upepo mdomo wala jua tabasamu, si sasa. Shati kambani linapepea. Ukisema linapunga mkono, msomaji ataanza kukutazama wewe badala ya shati.

Ukikwama

Badili saa. Kama huwa unaandika jioni, andika alfajiri kabla ya daladala ya kwanza. Mahali pale pale patakuwa pageni.

Badili umbali. Ulikuwa unaandika wingu. Andika tone kwenye ukingo wa bati.

Muulize mtu mzima msimu huu zamani ulikuwaje. Usitake shairi, taka habari. "Bibi, mlikuwa mkijua vipi kuwa masika yamekaribia?" Atakupa ndege, mti au upepo, na huenda mojawapo utalikuta uani mwako.

Na kama hakuna kitu, andika hilo la kutokuwa na kitu: anga tupu, waya wa umeme bila ndege, kituo bila abiria. Kiangazi kimejaa siku hizo.

Ukishaandika

Weka tarehe na mahali chini ya kila shairi. Usilitume popote siku hiyo hiyo. Lilale usiku mmoja, asubuhi lisome kwa sauti, ondoa neno moja.

Kisha lisome kwa mtu mmoja ambaye hakuwepo. Mmoja, si kundi la watu mia mbili. Usimuulize kama ni zuri; atasema ni zuri. Muulize: "Umeona nini?" Akijibu "nimeona mama anakimbilia nguo, mvua inakuja", limefika. Akijibu "linagusa", rudi dirishani, kuna kitu hukukiweka.

Rudia mahali pale pale mwezi ujao. Usitafute dirisha jipya. Mtu aliyekaa na mwembe mmoja mwaka mzima ana maua, vumbi, embe changa, mawe ya watoto na popo. Aliyezunguka miti kumi ana majani tu.

Ukifikisha beti 12, chagua zilizosimama na zipange kwa misimu ya kwenu. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati ina kurasa nne. Ukiwa pwani, ukurasa mmoja wa kiangazi, mmoja wa masika, mmoja wa kipupwe, mmoja wa vuli, beti zisizozidi tatu kila ukurasa. Chapisha nakala kumi stesheneri ya mtaani. Ya kwanza mpelekee jirani aliyeanua nguo. Jina lako liweke mwisho wa ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo, na namba ya simu usiweke.